Ulikuwa Ukipaka Nini?

Daktari Fjeldstad hakuinua macho alipouliza.
Kalamu yake ilitulia juu ya karatasi
kama inzi kwenye ukuta wa baridi.
"Ulipokuwa na mimba yake,
mkate wako ulikuwa ukiupaka nini?"

Binti yangu Tiril akanitazama mimi.

Mkononi mwa Eilif, matone kumi na mawili,
kila moja na namba yake ya wino wa buluu.
La tatu, la yai, limeinuka kichuguu.
La saba, la karanga, limelipiku.
Ana miaka minne. Anavihesabu vichuguu, anacheka,
anauliza sisimizi watatoka lini.

Majarini, nilijibu kabla ya mama yake.
Nilijibu kwa kuwa majarini ni mimi.
Miaka ishirini na sita nimesimama kiwandani, Ålesund,
kofia ya wavu kichwani,
nikiyatazama mafuta ya mbegu yakiingia maji maji
na kutoka yameganda, ya manjano, yenye adabu,
yamekatwa mraba kama matofali.
Kila Ijumaa, pakiti mbili za bure.
Nilizibeba. Nikamlea nazo Tiril,
naye akalea mimba kwa alichozoea.

Daktari aliandika. Kisha akalitoa lile neno
ambalo wasomi hulipakata na sisi hutuchoma:
huenda.
Huenda mafuta ya mbegu yakizidi na ya samaki yakipungua
kinga ya mwili hujifunza hasira mapema.
Huenda sivyo. Wapo waliopima wakaona,
wapo waliopima wasione kitu.
Huenda ni ngozi yake, iliyopasuka tangu uchanga,
huenda ni mambo kumi yaliyoshikana mikono gizani.
"Siulizi ili nikulaumu," alisema.
Lakini swali likishatoka halirudi mfukoni.

Usiku ule nilimkumbuka mama yangu, Borghild,
na chupa yake ya mafuta ya ini la samaki.
Miezi yote ya giza, kila asubuhi,
kijiko kilekile, mdomo kwa mdomo,
nasi tumepanga foleni kama vifaranga.
Tuliziba pua. Tulimeza. Tulicheua samaki hadi saa sita.
Maziwa aliyasukasuka mwenyewe,
siagi ikatoka inatiririka jasho la chumvi,
na hakuna aliyelijua neno mzio.

Nilitaka kulala hapo. Palikuwa na joto,
ukweli umelainika kama siagi kando ya jiko.

Lakini tulikuwa sita, si watano.

Halvard, kitinda mimba, alikuwa wa miaka mitatu
siku ya harusi ya shangazi Oddny.
Alipewa keki ya lozi, kipande cha ncha ya kidole.
Midomo ikafura. Koo likafunga mlango.
Walisema dondakoo. Kitabuni kanisani wakaandika dondakoo.
Na kijiko chake alikuwa amekinywa asubuhi ileile,
akakilamba hata mgongo, maana yeye peke yake
aliyapenda yale mafuta.

Basi.
Sina wa kumshitaki, wala wa kumwachilia.
Eilif hajui kusoma, ila neno yai analijua kwa umbo lake;
dukani huigeuza pakiti, kidole kinatembea
juu ya vile viherufi vya mchanga, kinasimama.
"Hii hapana, bibi."
Nairudisha rafuni kama aliyekamatwa.

Na sasa Tiril ana mimba ya pili.
Jana alisimama mbele ya friji, mlango wazi,
baridi ikimlamba miguu,
siagi mkono huu, majarini mkono ule.
"Nipake nini?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.
Akapaka siagi nusu ya mkate, majarini nusu nyingine,
akakata katikati
na cha majarini akanisukumia mimi.

Nilikila.
Kilikuwa kitamu. Hilo nalo niliseme.